Fremu Nne za Kona ya Bustani

Kibondo,
Jumamosi, 7 Juni 2025

Kaka yangu Longinus,

Amahoro, na salamu nyingi kutoka huku. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limepunguza kuuma, na wifi Josepha amerudiwa na nguvu zake baada ya ile malaria ya Mei. Godson na Elieth hawajambo? Nasikia Elieth amegoma tena kula ugali wa muhogo, anadai wali kila siku. Mwambie shangazi yake anauliza huo wali analima nani. Mimi ni mzima. Mvua zimekatika, vumbi jekundu limeanza, na nguo zangu nyeupe nimezifungia sandukuni mpaka Oktoba.

Unajua mimi si mtu wa kuandika barua. Lakini ule ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara nne, na kila nikishika simu nikupigie, najua tutakavyofanya: wewe utapaza sauti, mimi nitalia, kisha mtandao utakatika na kila mtu atasema mwenzake ndiye aliyekata. Umeuliza mara tatu ndani ya ujumbe mmoja ni nani aliyeziua zile fremu za maduka pale bustanini. Nitakujibu. Nakuomba tu usome mpaka mwisho, uwe umekaa, na usimpe Godson akusomee kwa sauti mbele ya wateja dukani.

Acha nianze pale ilipoanzia. Mwaka juzi nilipopewa kazi ya kuchora bustani ya mapumziko kwenye ule uwanja mtupu nyuma ya stendi, nilikupigia usiku uleule nikikupigia vigelegele. Unakumbuka ulivyocheka, ukasema watu wa Kibondo watapumzika nini wakati hawajachoka. Mimi nikaenda kuchora. Nilichora njia za kokoto, mijohoro ya kivuli, bembea za watoto, na katikati, jambo nililojivunia kuliko yote, mabenchi ishirini na manne ya chuma yaliyopangwa duara, yakitazamana. Chuoni tulifundishwa kwamba watu wakitazamana wanazungumza, na wakizungumza wanarudi kesho. Mkuu wangu wa idara, Bwana Nickson, aliyehamishiwa kwetu kutoka Morogoro, akaongezea mtambo wa kurusha maji juu, maana aliuona katika mji fulani akaupenda. Mtambo ukasubiri fungu lake. Bustani ikafunguliwa Julai ya mwaka jana, ngoma zikapigwa, picha zikapigwa, watu wakala pilau wakaenda zao.

Na kweli wakaenda zao, kaka. Hawakurudi.

Nilidhani ni suala la wiki mbili. Agosti ikaisha. Nikachukua daftari nikakaa pale siku saba, asubuhi mpaka jioni, nikihesabu vichwa. Watoto kwenye bembea walikuwepo, siwezi kusema uongo. Lakini watu wazima waliokaa kwenye benchi hata dakika kumi walikuwa kumi na mmoja kwa siku, na watatu kati yao walikuwa wageni wanaosubiri basi. Wengine wote walifika pale penye duara, wakasimama, wakasalimia, wakapiga makofi yao ya heshima kama unavyotujua, wakapita. Wakaenda kukaa kwenye matofali yaliyobaki kando ya uzio. Nilikasirika mpaka nikaongea peke yangu. Mabenchi mapya ya chuma, na mtu anakalia tofali!

Niliiandika ile taarifa mwenyewe, kwa mkono wangu: watu kumi na mmoja. Sikuongeza hata mmoja. Na taarifa hiyohiyo ndiyo iliyoleta fremu. Bwana Nickson aliisoma, akasema kwa upole wake ule unaoudhi kwamba watu wa huku hawana utamaduni wa bustani, kwamba uwanja ni mzuri kwa biashara, na kwamba fremu kumi na nne zinaweza kukaa pale bila shida. Kamati ya halmashauri ikasema itaamua mwisho wa Machi. Kabla Septemba haijaisha, maombi ya fremu yalikuwa yameshapangwa kwenye jalada, na jina la kwanza kabisa lilikuwa lako.

Sikukulaumu, na leo sikulaumu. Mwenye nyumba wako wa Kasulu anataka duka lake ampe mwanawe. Ulitaka kurudi karibu na nyumbani, uuze misumari na mabati katikati ya watu wetu, Jumapili uende kwetu Kitahana kwa miguu kama goti linakubali. Ulikuja Oktoba, ukapima kona ya kaskazini kwa hatua zako, ukasimama pale umeweka mikono kiunoni ukanionyesha mlango utakuwa wapi na kaunta itakuwa wapi. Ukaniambia kwamba kuwa na mdogo wako ofisini lazima kuwe na faida siku moja. Nikakujibu kwamba nitaona. Nilijua utachukua kwamba nimekubali, nikakuacha uchukue. Hilo ni kosa langu la kwanza, nimelikubali, liweke pembeni.

Sasa sikia nilivyofunguliwa macho. Pale getini kuna mama anaitwa Mwanaamina, anauza chai, maandazi na mahindi ya kuchoma. Bibi yake alitoka pwani, yeye amezaliwa Ujiji na kuolewa hapa, na mdomo wake hauogopi ofisi. Siku moja aliniona na daftari langu akaniuliza nahesabu nini kila siku kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema yeye si Muha lakini ameolewa kwa Waha miaka kumi na tisa, na hata yeye hawezi kukaa kwenye duara lile. Akaniuliza kama nimewahi kuona mwanamke wa huku anatafuna hindi huku baba mkwe wake amekaa mbele yake anamtazama mdomo.

Kaka, nilihisi masikio yanawaka moto.

Mji wenyewe huu! Nani hapa hana mkwe? Ukikaa kwenye duara la mabenchi ishirini na manne, macho yako lazima yaangukie kwa baba wa mumeo, au mjomba wake, au mtu anayeposa kwenu ambaye bado anasubiri jibu. Mwanamke akimwona mkwe kaketi upande wa pili, anageuka na kanga yake anaondoka. Mkwe naye akimwona, anaona haya, anaondoka. Wanabaki watoto na wageni. Mgeni angechora vile tungemsamehe. Mimi ni Loyce wa Kitahana, niliyelelewa nikizungukia nyuma ya nyumba nisikutane na baba mkwe wa dada yetu mkubwa. Nilijua hayo yote tangu sijaota meno, nikayaacha getini siku niliyoingia chuo. Na Bwana Nickson alipoandika kwamba watu wetu hawana utamaduni wa bustani, ni mimi niliyempa kalamu.

Basi nikaenda kuomba ruhusa ya kuyahamisha mabenchi. Nikaambiwa hakuna fungu, na hata lingekuwepo, kwa nini tuhangaike na uwanja ambao Machi unagawanywa. Nikasema sawa. Jumapili iliyofuata nikaenda na Niyonzima, fundi wa kuchomelea wa pale nyuma ya soko, tukaanza baada ya misa. Akakata miguu ya mabenchi palepale kwenye zege, sisi tukayabeba. Tukayaweka mgongo kwa mgongo, mengine yakitazama barabara, mengine yakitazama bembea, mengine yakitazama milima, na kati ya kila jozi tukapanda kichaka. Mtu anaweza kukaa mita mbili kutoka kwa mkwe wake, wakasalimiana bila kugeuka, na kila mmoja akala hindi lake kwa amani. Jumatatu nikapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma. Nimeitundika chumbani kwangu, juu ya kitanda.

Ndani ya wiki mbili daftari langu lilipanda kutoka kumi na mmoja mpaka tisini. Wazee walihamia upande wa milima wakaleta bao lao. Madereva wa bodaboda wakachukua upande wa barabara ili wawaone abiria. Akina mama wakachukua bembea, kwa kuwa mtoto yuko mbele ya macho na mkwe yuko nyuma ya kichaka. Nilikuwa nikipita natembea polepole kwa makusudi, nijidai. Nilijidai vizuri tu, na sioni haya.

Halafu Novemba ikaingia na mvua zake. Unazijua. Saa nane mchana mbingu inafunguka, na mji mzima unakimbilia kwenye varanda za maduka. Tisini wakawa sita. Bwana Nickson alipita na mwavuli wake, akatabasamu tu, na mimi nikajiapiza kwamba tabasamu lile nitaliondoa usoni pake kabla ya Machi. Bustani inayofanya kazi miezi minne kati ya kumi na miwili si bustani, ni pambo. Kwetu mvua ndiyo mwaka wenyewe.

Nikaomba ule mtambo wa kurusha maji ufutwe, na fungu lake lijenge banda. Nilikiambia kikao cha idara kwamba Kibondo tunarushiwa maji bure tangu Oktoba mpaka Mei, hatuhitaji mtambo. Watu wakacheka, na kwa kicheko kile nikapata nusu ya nilichotaka: mabati ya zamani ya soko lililobomolewa na nguzo za mikaratusi. Kazi ya mikono nikaambiwa nijitafutie. Niliipata. Mwanaamina alipitisha neno kwa akina mama wenzake, madereva wa bodaboda wakabeba nguzo, Niyonzima akafunga bati. Tulichimba mtaro kwanza ili maji yasituame, tukainua sakafu kwa kokoto, kisha tukasimamisha banda refu lisilo na ukuta, lenye uzio mfupi wa miti katikati unaoligawa pande mbili. Nadhani umeshaelewa uzio ule ni wa nini.

Laiti ungekuja ukaona Februari ilivyokuwa. Mvua inagonga bati mpaka hamsikilizani, na chini yake watu wamejaa. Akina mama wanapukuchua maharage ambayo nyumbani yangeota paa likivuja. Wanafunzi wanafanya hesabu. Mzee mmoja wa Kumsenga anasuka vikapu na kuviuza hapohapo. Wakimbizi wenye vibali vya kuja sokoni wanasubiri gari la kambini wakiwa wakavu, na mama mmoja wa Kikongo alinishika mkono akaniambia kwa Kiswahili chao kwamba ni mara ya kwanza tangu avuke ziwa mtu kumpa nafasi ya kukaa tu, bila kumuuliza karatasi. Siku ya mvua kubwa kuliko zote nilihesabu watu mia tatu na saba. Nilirudia kuhesabu kwa sababu sikuamini.

Lilibaki jambo moja. Akina mama walikuwa wanakaa nusu saa wanaondoka, mwenye mtoto ndiyo kabisa. Safari hii sikusubiri Mwanaamina anicheke. Hakukuwa na choo. Na choo hakiwezi kujengwa popote: uwanja wote unateremkia kusini kwenye kisima cha shule, bomba la maji linapita upande wa kaskazini tu, na mahali pekee pa kuchimba shimo bila kuharibu maji ya watu ni kona ya kaskazini. Kona yako, kaka.

Sasa nafika pale ulipouliza. Kikao cha kamati kilikaa tarehe ishirini na nane Machi. Watu walikuambia kwamba Bwana Nickson ndiye aliyezizika fremu, na kabla hujaanza kuwa na shaka ulimwita majina ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa nina hofu ya Mungu. Umemwonea. Nilipomaliza kusoma hesabu zangu, ni yeye aliyesimama na kutafuta njia ya katikati. Alisema bustani ibaki, fremu kumi zifutwe, lakini zijengwe nne tu, kwenye kona ya kaskazini, wapewe waombaji wanne wa mwanzo. Kabla ya kikao alikuwa ameshanivuta pembeni ukumbini akanong'ona kwamba amelipanga hivyo kwa ajili yangu, kwa sababu anajua mwombaji wa kwanza ni nani. Hakuwa na ubaya. Alidhani ananipa zawadi.

Wajumbe walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa kukubali. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Ningekaa, leo ungekuwa na fremu yako, mimi ningekuwa na bustani yangu, na familia nzima ingekuwa inaniombea baraka. Nilisimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikasema kwamba mwombaji wa kwanza ni Longinus, kaka yangu wa tumbo moja, na naomba jina lake lifutwe kwanza, liandikwe kwenye muhtasari kwamba limefutwa kwa ombi la mdogo wake. Kisha nikasema kona ile ni ya vyoo, na bila vyoo akina mama watarudi nyumbani, na akina mama wakirudi nyumbani bustani imekufa. Wakapiga kura. Fremu zote kumi na nne zikaanguka, nne za kona zikiwemo.

Ni mimi, kaka. Hakuna mwingine. Pale uliposimama na mikono kiunoni ukanionyesha kaunta, leo kuna vyoo sita, vitatu vya wanawake, na bomba la kunawia. Vilianza kutumika juzi Jumatatu. Miezi miwili na zaidi nimekuacha umlaumu mtu ambaye hakukosa, kwa sababu niliogopa sauti yako. Hilo ndilo ninaloomba radhi, hilo na ule uoga wa kusema nitaona. Kwa kusimama kwangu siombi radhi, na hata ukinikalisha mbele ya ukoo mzima sitaomba.

Najua utakachosema. Utasema baba alipofariki uliacha shule kidato cha pili, ukaenda Kumsenga kufyatua matofali ili mimi nimalize. Ni kweli, na sijasahau hata siku moja. Nilikuwa nakuona unarudi mikono imepasuka, nakuletea maji ya moto, unaniambia niende kusoma. Siku niliyoondoka kwenda chuo ulinifuata mpaka stendi, ukaniambia nikishakuwa mtu ofisini nisije nikawa kama wale waliotuzungusha miaka mitatu kuhusu hati ya baba, wanaojua shida ya ndugu zao tu. Ulinishika bega ukalitikisa. Mimi nilidhani umemaanisha. Kama ulikuwa unatania, ungeniambia siku ileile.

Nakupenda kaka, na naumia. Nalia ninapoandika mstari huu, na mtu akibisha hodi sasa hivi nitasema ni vumbi. Lakini ukinirudisha kwenye kile kiti leo, nitasimama tena.

Shangazi Dorcas ameniambia kwamba umeapa mbele yake: huyo mtu ukimjua hatakanyaga kizingiti chako mpaka ufe. Nimesikia. Barua hii nampa Nurudini wa duka la vitenge, anakuja Kasulu Jumatatu kuchukua mzigo, kwa hiyo utakuwa na siku tano za kukasirika vizuri. Jumamosi napanda basi la kwanza. Nitashuka, nitakuja moja kwa moja kwako, sitapitia kwa mtu wa kunisindikiza wala wa kunisemea. Nitabisha hodi. Ukifungua, tutagombana ndani. Usipofungua, nitakaa hapohapo mlangoni mchana kutwa, na majirani wakiuliza nitawaambia mimi ni nani na nimefanya nini, kwa sauti. Umenilea wewe, unajua kama nitachoka.

Nisalimie wifi Josepha sana, kuna lita mbili za asali namletea, na hiyo atapewa hata kama mlango umefungwa, nitaipitisha dirishani. Wasalimie Godson na Elieth, uwaambie wasome. Msalimie fundi wako wa dukani na wote wanaoniulizia. Mungu akulinde mpaka Jumamosi, na baada ya Jumamosi pia.

Ni mimi, mdogo wako, upende usipende,

Loyce